Muulize Mshauri: Uchu Uliobaki Baada ya Raha Kuondoka

Barua nne za toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni picha za ngono na namna zinavyomshika mtu. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 29, nina mke na mtoto mmoja. Nilianza kutazama picha za ngono nikiwa na miaka 14, na kwa miaka minne sasa hali imenishinda. Mke wangu akishalala, mimi hubaki na simu. Najiambia dakika kumi tu, lakini nikija kushtuka ni saa nane za usiku. Ajabu ni kwamba siku hizi sioni hata raha yake. Nafungua video moja, baada ya sekunde chache nairuka, natafuta nyingine na nyingine tena, kama mtu aliyepoteza kitu asichokijua. Nikiwa na mke wangu, mwili hauitikii kama zamani. Nimesoma kwamba picha hizi huunguza ubongo, na kwamba ukikaa siku 90 bila kutazama ubongo hurudi upya. Mara mbili nimefika siku ya 23 nikaanguka, na nilipoanguka nilitazama hadi alfajiri. Je, ubongo wangu umeharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, maneno niliyoyarudia mara tatu ni yale ya kwamba huoni tena raha yake, na bado unatafuta. Bila kujua, umeligusa jambo ambalo watafiti wa ubongo wamelihangaikia kwa miongo mingi, na ni heri tuanzie hapo kabla ya kufika kwenye siku 90.

Mwaka 1954, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McGill kilichoko Montreal, James Olds na Peter Milner, walipandikiza nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa panya na kumwekea kila mmoja kitufe ambacho akikibonyeza, umeme mdogo hupita katika sehemu fulani ya ubongo wake. Panya walibonyeza mamia ya mara kwa saa. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba panya wale walikuwa wakistarehe, na kwamba dopamini, kemikali inayofanya kazi katika njia hizo za ubongo, ndiyo raha yenyewe. Baadaye Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaonyesha kwamba mambo ni mawili. Panya walioondolewa karibu dopamini yote waliendelea kulamba midomo yao kwa furaha pale walipotiwa kitu kitamu kinywani, lakini hawakuinuka kukifuata chakula kilichokuwa mbele yao, na bila kulishwa wangekufa njaa. Utamu waliuhisi vilevile, ila uchu wa kuutafuta haukuwepo. Nadharia ambayo wawili hao waliichapisha mwaka 1993 inaeleza upande wa pili wa jambo hilohilo, kwamba kwa mraibu uchu unaweza kuendelea kukua mwaka hadi mwaka huku utamu ukipungua, kwa sababu kila kimoja kina njia zake ndani ya ubongo.

Sasa irudie barua yako uone. Kile kidole kinachoruka video baada ya video kinaendeshwa na uchu, na uchu hauna habari kama umeridhika au hujaridhika. Mfumo huu huchangamshwa zaidi na kitu kipya kuliko kile kilichozoeleka, na simu haina ukurasa wa mwisho. Daima kuna kingine chini yake. Ndiyo maana muda mwingi wa usiku wako unakwenda katika kutafuta kuliko katika kutazama.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulijua, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia kuacha. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli zinazotoa dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli hizo zilichangamka ghafla juisi ilipofika mdomoni. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, mchangamko huo ukahama, ukawa unatokea taa inapowaka, na juisi yenyewe haikuchangamsha tena chochote. Mwaka 2014, Valerie Voon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwalinganisha wanaume 19 walioshindwa kudhibiti tabia za ngono na wengine 19 wasio na tatizo hilo, wakaona kwamba kundi la kwanza lilipoonyeshwa video za ngono, sehemu za ubongo zinazohusika na uchu ziliitikia kwa nguvu zaidi. Na katika maelezo yao wenyewe, walisema wanazitamani zaidi, lakini hawakusema wanazipenda zaidi. Miaka mitatu baadaye, Mateusz Gola na wenzake waliwachunguza wanaume waliokuwa wakitafuta matibabu kwa sababu ya picha za ngono, wakakuta kwamba kilichowatofautisha na wengine ni jinsi ubongo wao ulivyoitikia alama iliyotangulia picha. Picha ilipofika, tofauti haikuonekana.

Kwako wewe, taa ya wale nyani ni ipi? Kwa barua yako nadhani naiona. Ni mlango wa chumbani ukishafungwa, pumzi za mkeo zikishakuwa nzito, taa ikishazimwa, na simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji kando ya mto. Hujatazama kitu bado, na ubongo wako tayari umeshaanza safari.

Kuhusu kuungua, neno hilo silipendi, na nitakueleza sababu. Habari nyingi za ubongo kusinyaa zinatokana na utafiti mmoja wa Berlin uliochapishwa mwaka 2014, ambapo Simone Kühn na Jürgen Gallinat waliwapima wanaume 64 na kukuta kwamba waliosema wanatazama saa nyingi zaidi kwa wiki walikuwa na ujazo mdogo zaidi katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo kaudeti. Waliopimwa walikuwa watu wa kawaida, hawakuwa wagonjwa, na walipimwa mara moja tu. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kukuambia kama ni kutazama kulikopunguza sehemu hiyo, au kama waliozaliwa na sehemu hiyo ndogo ndio wanaovutwa zaidi na kutazama, na watafiti wenyewe hawakulificha hilo. Waliokwambia kwamba ubongo umeungua wamekurukisha hatua kadhaa. Ninachoweza kukwambia bila wasiwasi ni kwamba ubongo wako umejifunza, na umejifunza vizuri mno, kwa sababu ulianza ukiwa na miaka 14, wakati gamba la mbele ya ubongo, ambalo kazi yake ni kumfungia mtu breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Breki hizo hulegea zaidi mtu anapochoka na kukosa usingizi, kwa hiyo kila usiku unaokesha unaulainishia njia usiku unaofuata.

Nakuja kwenye siku 90. Hesabu hiyo imeenea mitandaoni, lakini sijui kipimo chochote cha ubongo kinachoitetea. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya madogo, kama vile kula tunda au kunywa maji kwa wakati uleule kila siku, ulikadiria wastani wa siku 66 hadi zoea liote mizizi, ila kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Hayo yalikuwa mazoea mepesi ya kujenga, wala si uchu wa miaka 15 wa kuuacha. Aidha, tangu enzi za Pavlov, mtafiti wa Urusi aliyechunguza mbwa, inajulikana kwamba mbwa aliyezoea kudondosha mate kwa ishara fulani, hata ishara hiyo ikiacha kuleta chakula na mate yakakauka, ukimpumzisha kisha ukairudia ishara, mate hutoka tena. Fundisho la zamani halifutiki. Jipya huandikwa juu yake, na la zamani huchungulia pale unapochoka, unapogombana na mtu au unapokuwa peke yako ugenini. Kuanguka siku ya 23 kunaelezeka kwa njia hiyo, na wala hakufuti siku 22 za nyuma.

Kilichokuumiza zaidi ni usiku ule uliofuata. Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza namna waraibu wanavyorudi walikotoka, alieleza kwamba kuteleza mara moja ni jambo dogo kuliko maana ambayo mtu anaipa. Mtu anayehesabu siku, akikosea, hujiambia kwamba hesabu imeshaharibika, basi na amalize kabisa. Aibu inampeleka palepale alipozoea kuitulizia aibu. Ningekushauri uache kuhesabu siku. Andika katika daftari kila ulipopata uchu, hata kama hukutazama: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, kabla yake kulitokea nini, ulikuwa na hasira, upweke, uchovu au huna kazi tu. Baada ya wiki tatu daftari hilo litakueleza mambo ambayo mimi siwezi kuyajua.

Jambo la pili ni kuizima ile taa. Nunua saa ya kengele, simu ilale sebuleni, na chaja yake ihamie huko moja kwa moja. Najua linasikika kama jambo la kitoto. Watu wengi huniletea maelezo marefu kuhusu dopamini, lakini ukiwauliza simu inalala wapi wanacheka. Programu za kuzuia tovuti za ngono zinafaa pia, mradi neno la siri liwe mikononi mwa mtu mwingine. Hazimponyi mtu, ila zinaweka dakika kadhaa kati ya uchu na kitendo, na dakika hizo ndizo unazozihitaji.

Katika dakika hizo ufanye nini? Usipigane na wazo. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Kengele zililia mara kwa mara, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa kwanza. Badala yake, keti, uutambue uchu ulipo mwilini, kifuani au tumboni au mikononi, uutazame ukipanda kama wimbi, na usiufanyie kitu. Utapanda, utafika kileleni, na utashuka, kwa kuwa hakuna uchu unaokaa kileleni usiku kucha. Mara za kwanza itakuwa kazi ngumu kwelikweli, na huenda kwa majuma ya mwanzo ukawa na hasira za bure na usingizi wa mang'amung'amu, ile hali ambayo waraibu wengine huiita arosto. Njia hii ya kuukubali uchu bila kuutii imefanyiwa majaribio ikiwa sehemu ya tiba ya kisaikolojia. Katika jaribio moja lililofanywa na Jesse Crosby na Michael Twohig, likahusisha wanaume 28 na vikao 12, waliotibiwa walipunguza muda wa kutazama kwa zaidi ya asilimia 90. Watu 28 ni wachache, kwa hiyo usilichukue kama ahadi, lakini ni ushahidi wa kutosha kukufanya umtafute mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayeifahamu tiba ya aina hiyo, kwa kuwa mtu anayehangaika peke yake kwa miaka minne ameshajaribu vya kutosha peke yake.

Mwisho, mwili kutoitikia. Watafiti hawajakubaliana kama picha za ngono peke yake huleta tatizo hilo. Wengine huliona, wengine hawalioni. Yapo mambo yanayolisababisha bila ubishi, yakiwemo kisukari, shinikizo la damu, baadhi ya dawa, msongo wa mawazo, na ile hofu ya kushindwa ambayo mwanamume huingia nayo kitandani. Nenda ukapimwe kwanza, maana ingekuwa hasara kubwa kuilaumu simu huku sukari ikipanda.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mtu wa dini. Labda mara moja kwa mwezi hushindwa nikatazama picha za ngono kwa robo saa, kisha hujuta wiki nzima, siwezi hata kusali vizuri. Kazi yangu na familia yangu viko sawa. Je, mimi ni mraibu?

JIBU: Kwa maelezo yako, hapana, ndugu yangu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa kushindwa kudhibiti tabia za ngono, na limeuweka katika kundi la matatizo ya kudhibiti misukumo, si katika kundi la uraibu, ingawa mjadala kuhusu hilo unaendelea. Dalili zake ni nzito: tabia hiyo kuwa kitovu cha maisha hata mtu akasahau afya na wajibu wake, kujaribu kuacha mara nyingi bila mafanikio, kuendelea licha ya madhara au bila kuipata raha yenyewe, na yote haya kwa miezi sita au zaidi. Maelezo hayohayo yanasema wazi kwamba fadhaa inayotokana tu na mtu kuihukumu tabia yake kimaadili haitoshi kumfanya aitwe mgonjwa.

Sisemi hivyo ili kukuondolea dhamiri yako. Ukiamini kwamba jambo ni kosa, una haki ya kuliacha kwa sababu hiyo pekee, na kiongozi wako wa dini atakufaa zaidi kuliko daktari. Nakuonya tu usijibandike jina la mraibu, kwa kuwa mwenye kujiita hivyo mara nyingi hukata tamaa mapema, akaamini kwamba uamuzi haumo tena mikononi mwake, na ukaamini hivyo robo saa ya mwezi inaweza kuzaa nyingine.

SWALI: Mshauri, nimekuta katika simu ya mume wangu mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nilipomuuliza alilia, akasema ameshindwa kuacha tangu kabla hatujaoana. Najiuliza nimekosa nini mimi. Nifanye nini, nimchunguze simu kila siku?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Soma jibu la barua ya kwanza, kisha utazame tarehe: tabia ilianza kabla hajakuoa, kwa hiyo haiwezi kuwa imetokana na umbo lako, umri wako au mwenendo wako kitandani. Usishindane na kioo cha simu. Kinachomvuta pale ni upya usiokwisha, na hakuna binadamu anayeweza kuwa mtu mpya kila baada ya sekunde kumi, wala hapaswi kujaribu.

Hata hivyo, kuelewa si sawa na kutoumia. Umeumizwa na picha, na pengine zaidi na miaka ya kufichwa, na una haki ya kusema hivyo kwa sauti yako bila kuharakishwa kusamehe. Ukifanyika kuwa askari wake, mambo mawili yatatokea: yeye atajifunza kuficha vizuri zaidi, na wewe hutalala. Afadhali mkubaliane mambo machache yanayoonekana kwa macho, kwa mfano simu zote mbili zilale nje ya chumba, yako pamoja na yake, na yeye mwenyewe akwambie anapoteleza kabla hujamgundua. Mtu wa kupokea habari za uchu wake wa kila siku awe mwingine, mshauri nasaha au rafiki anayemheshimu, kwani ukiwa mke na msimamizi kwa wakati mmoja utaelemewa na mzigo wa pili hata wa kwanza usiuone tena.

Yale machozi yake usiyadharau, lakini pia usiyahesabu kuwa ndiyo mabadiliko. Mwulize baada ya mwezi mmoja amekwenda kumwona nani. Na kama amewahi kukulazimisha ufanye yale aliyoyaona, basi suala hilo limetoka katika tabia ya kutazama na limekuwa suala la usalama wako, na ulieleze hivyo kwa watu unaowaamini bila kumwonea haya.

SWALI: Je, hakuna dawa ya kunywa?

JIBU: Hakuna iliyoidhinishwa mahususi kwa tatizo hili. Madaktari wa magonjwa ya akili wakati mwingine huandika naltreksoni, ambayo hutumika pia kwa walevi wa pombe, au dawa za sonona, hasa pale ambapo sonona au wasiwasi vimeambatana na tabia hiyo. Huwasaidia baadhi ya watu, na kwa kawaida huenda pamoja na tiba ya mazungumzo. Poda na vidonge vya kusafisha ubongo vinavyotangazwa mitandaoni achana navyo.

Lipo pia swali la upande wa pili ambalo hukuliuliza. Baadhi ya dawa zinazoamsha mfumo wa dopamini, zikiwemo pramipeksoli na ropiniroli wanazopewa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka), na hata aripiprazoli inayotumika kwa magonjwa ya akili, zimewahi kuwafanya watu waliokuwa watulivu waanze ghafla kucheza kamari au kutafuta ngono bila kiasi. Kama wewe, au mzazi wako, ameanza tabia hii miezi michache baada ya kuanzishiwa dawa ya namna hiyo, mwambie daktari aliyeiandika mapema iwezekanavyo, na usiisimamishe mwenyewe, kwa kuwa kuikatisha ghafla kuna hatari zake.